Werevu na Hekima: Habari za Karanga za Kongwa

Maneno haya mawili, werevu na hekima, hutumiwa na watu wengi kana kwamba ni neno moja. Mtoto akijibu hesabu upesi husifiwa kuwa ana hekima. Na mzee akikaa kimya barazani, vijana humdhania kuwa hana akili. Lakini waliotuachia methali walijua kuyapambanua mambo haya. Walisema, "Akili nyingi huondoa maarifa." Nasi twapenda kuonyesha maana ya methali hii kwa kusimulia mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe, huko Kongwa katika Ugogo, tangu mwaka wa 1946 hata 1951.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini ilikuwa na dhiki. Mafuta ya kula yaligawanywa kwa kipimo, kila mtu na fungu lake dogo. Basi mwaka wa 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alipeleka shauri kwa Serikali ya Uingereza ya kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki, mashamba makubwa ambayo mfano wake haujaonekana, ili mafuta yake yawafae watu wa Ulaya. Shauri lilipendeza. Wakatumwa watu watatu kuitazama nchi, na kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma, tena walijua kazi zao. Walizunguka kwa majuma yapatayo tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka juu, katika ndege.

Waliporudi waliandika hesabu nzuri sana. Zilimwe eka 3,210,000, nazo zigawanywe kuwa mashamba 107, kila moja eka 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, na mengine yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama yake ilikadiriwa kuwa paundi milioni 24. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango huo kwa watu wote, na msimamizi wake mkuu alikuwa Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey. Hesabu ile ukiijumlisha haina kosa. Kosa lake ni kwamba ilijumlishwa kabla nchi yenyewe haijaulizwa.

Maana palikuwa na swali moja ambalo kila mkulima huliuliza kabla ya kuhamia mahali papya. Mtu mwerevu akiona nchi tupu husema, "Hapa pana nafasi." Mwenye hekima huuliza, "Kwa nini waliotutangulia hawakukaa hapa?" Pori la Kongwa lilikuwa na watu wachache, na jambo hilo liliwapendeza wenye mpango, kwa kuwa hawakutaka kuwahamisha watu wengi. Lakini uchache wa watu ulikuwa habari iliyoandikwa juu ya nchi yenyewe, nayo ilisema ya kwamba maji ni haba na mvua si ya kutumainiwa.

Wagogo waliijua habari hiyo, nao waliijua kwa machozi. Katika miaka ya 1917 hata 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuchukua mizigo, mvua nazo zikakosa, Ugogo uliingia katika njaa kuu ambayo watu waliiita Mtunya. Waliobaki hawakusahau. Ndiyo maana walipanda mtama na uwele, mimea inayovumilia jua. Ndiyo maana walishika sana ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe huweza kuhamishwa kufuata majani, lakini shamba halihamishiki. Hatusemi kwamba Wagogo walijua kila jambo. Kama wangalijua kila jambo, njaa isingaliwapata. Twasema tu ya kwamba walijua mpaka wa nchi yao.

Sasa tutazame kazi ilivyokwenda. Kwanza, hapakufanywa jaribio. Mkulima akipata mbegu ngeni, hupanda kipande kidogo karibu na nyumba, akangoja mwaka mmoja au miwili aone. Lakini waliokuwa na mpango walisema kwamba haja ya mafuta ni kubwa, hapana nafasi ya kungoja. Wakakusudia kuanza mara moja na mashamba makubwa. Pili, mashine. Zilikuwa shida kupatikana baada ya vita, kwa hiyo zilinunuliwa zilizokwisha tumika, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Pori la Kongwa lina vichaka vilivyoshikamana, na mizizi yake ni migumu kupita kiasi. Werevu wa mafundi ulionekana hapo: walifunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya mashine mbili, zikaenda sambamba na kuliangusha pori. Lakini mizizi ilibaki chini, nayo ikavunja majembe ya mashine.

Tatu, udongo. Karanga si kama mtama. Ua lake likiisha kuchavushwa, kikonyo chake huinama na kuingia ardhini, na tunda huzaliwa humo gizani. Basi yataka udongo laini. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi; mvua ikiisha, jua huukausha ukawa mgumu kama tofali. Karanga zilizozaa zilifungwa humo, ikawa kazi kuzing'oa. Nne, mvua. Katika msimu wa 1948 na 1949 mvua haikutosha, mimea ikanyauka. Mwaka wa kwanza walikuwa wamekusudia eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Mpango ulikuwa umepelekwa pia Urambo, na Nachingwea upande wa kusini, na huko ikajengwa bandari ya Mtwara na njia ya reli. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikubali hadharani ya kwamba mpango ule mkubwa umeshindwa. Fedha zilizopotea zilikuwa paundi milioni 36 na zaidi, yaani kupita zile zilizokadiriwa kwa kazi yote. Reli ya kusini iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara yatumika hata leo, nasi hatuna budi kuitaja, kwa maana si haki kusema kwamba hakuna jema lililobaki. Na Kongwa je? Baadaye nchi ile ilifanywa mahali pa kulisha ng'ombe, na ng'ombe wakastawi. Baada ya mamilioni yale ya fedha, nchi ilirudi katika kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya tangu zamani bila kulipwa hata senti moja kwa shauri lao.

Kutoka habari hizi twaweza kusema tofauti ya werevu na hekima. Werevu ni kujua namna ya kufanya jambo. Hekima ni kujua kama jambo lafaa kufanywa, na mahali gani, na wakati gani. Mwerevu hujibu, mwenye hekima huuliza kwanza. Mwerevu huanza na kubwa ili asifiwe. Mwenye hekima huanza na dogo, ili akikosea apoteze dogo. Tena liko jambo moja lililo gumu kupita yote: mwenye hekima akiona amepotea njia, hurudi. Wale wa Kongwa waliona dalili tangu mwaka wa kwanza, lakini neno lilikuwa limekwisha tangazwa mbele ya watu, na kurudi kuliwaonea haya. Basi wakaendelea, na kila mwaka hasara ikaongezeka.

Ndugu wasomaji, tusiwacheke wageni wale tukadhani ya kuwa habari hii ni yao peke yao. Kosa lile halina rangi. Sisi tulio walimu twalijua vizuri, kwa sababu huanzia mikononi mwetu. Twamfundisha mtoto kupima eneo la shamba, naye hupima sawasawa. Lakini je, twamfundisha kumwuliza baba yake kwa nini upande ule wa shamba haupandwi? Mara nyingi hatumfundishi. Naye akirudi likizo huucheka uwele wa mama yake, akaleta mbegu aliyoisoma kitabuni, akailima shamba zima kwa mara moja. Mvua ikikosa, hawezi kula cheti chake. Na wadogo zake hulala na njaa pamoja naye.

Wala hatusemi kwamba shule iachwe. Mzee asiyetaka kusikia jambo jipya naye hana hekima, bali ana mazoea tu. Twasema ya kwamba elimu na ujuzi wa wazee vikae mkeka mmoja. Kijana alete kipimo chake cha mvua, mzee alete kumbukumbu zake za miaka ya njaa, na shauri lifanywe hapo katikati. Kuuliza si ujinga. Kama watu watatu wale wangalikaa majuma tisa barazani kwa Wagogo, huenda wasingaliandika hesabu nzuri namna ile, lakini wangalirudi kwao na neno la kweli.

Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuung'oa mti au kuiacha mbegu ya wazazi wake, na aulize kwanza kwa nini ilikuwapo.