Degedege, redio na sindano: nusu karne ya kujibu uvumi wa afya Kibaha na Kisarawe

Homa inamshika mtoto jioni. Usiku mwili unakakamaa, macho yanageuka juu, povu linatoka mdomoni. Katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha jambo hilo lilikuwa na jina lake tangu enzi za mababu: degedege. Wapo waliosema ni shetani anayekuja kwa umbo la ndege, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hushikwa. Aliyelijua jina alijua na njia ya kupita. Mtoto alifukizwa, alioshwa kwa maji ya majani, pengine alimwagiwa mkojo, kisha alibebwa kwa mganga. Hospitali hapana. Hospitali kuna sindano, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Ndivyo ilivyosemwa, na Waswahili husema lisemwalo lipo.

Leo tunazungumzia taarifa potofu za afya kana kwamba zilizaliwa pamoja na simu za kisasa na makundi ya WhatsApp. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zinatukumbusha kwamba kazi hiyo ni ya zamani. Serikali imeifanya hapa kwa zaidi ya nusu karne, mara nyingine kwa mafanikio makubwa, mara nyingine kwa kujikwaa. Na katika miaka hiyo yote jambo moja limejirudia: uvumi uliondoka pale ambapo watu walikaa, wakauliza, wakajibiwa. Walipoamriwa tu wanyamaze, ulibaki.

Maadui watatu, kituo kimoja

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na umri usiofika miaka miwili ya uhuru, serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilikubaliana na nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, kujenga kituo kikubwa Kibaha, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, kando ya barabara ya Morogoro. Mwalimu alikuwa amekwisha kuwataja maadui watatu wa taifa, ujinga, maradhi na umaskini, na kituo kilijengwa kwa kuwafuata maadui hao mmoja mmoja. Ujinga ulijengewa shule ya sekondari, umaskini ukajengewa chuo cha wakulima, maradhi yakajengewa kituo cha afya pale Tumbi.

Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Watanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo cha Tumbi kilikua kikawa hospitali, na leo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Wengi wanaifahamu kwa majeruhi wa ajali za barabarani wanaokimbizwa hapo. Wachache wanakumbuka wazo lililoizaa: kwamba shule, shamba na hospitali ni kazi moja, kwa sababu mgonjwa anayepewa dawa bila kuelezwa chanzo cha ugonjwa wake atarudi tena kesho.

Redio, kitabu na jembe

Wazo hilo lilipata jukwaa la taifa zima mwaka 1973. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni za Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako, na Wakati wa Furaha iliyoadhimisha miaka 10 ya uhuru. Kampeni iliyofuata ilihusu mwili wa binadamu, ikaitwa Mtu ni Afya.

Utaratibu wake unafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ndani yake mna siri ya mafanikio. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, kutoka taifa kwenda mkoani, wilayani na hadi vijijini. Vitabu vilichapwa kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, kwa msomaji aliyejifunza kusoma juzi. Kwa majuma 12, majirani walikusanyika kuizunguka redio na kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kilipokwisha, mmoja aliwasomea wenzake sura ya kitabu kwa sauti. Kisha watu wakazungumza. Je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unatokana na nini? Sisi tutafanya nini? Kila mkutano ulitakiwa uishie kwenye azimio la kazi.

Magonjwa yaliyoshughulikiwa yalikuwa yale yanayoingia kila nyumba: malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa, maji yakachemshwa. Ni nadra kampeni ya maneno kuacha mashimo mengi hivyo ardhini.

Mtu ni Afya iliwashinda watangulizi wake wa enzi ya ukoloni kwa jambo moja. Serikali ya Kiingereza nayo ilikuwa na mafunzo ya afya, ikiyaandika hata katika gazeti lake la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, lakini mafunzo yale yalisomwa kama amri ya bwana mkubwa. Mwaka 1973 aliyekuwa na shaka aliruhusiwa kuitoa kikundini, na aliyemjibu alikuwa jirani yake wanayechota naye maji kisima kimoja. Uvumi huishi kwa kunong'onwa. Kikundi kiliutoa barazani.

Kilichoonwa na mama wa Kibaha

Hata hivyo degedege halikuondoka. Miaka 30 baada ya Mtu ni Afya, mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili, pamoja na wenzao wa Sweden, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Wilaya ya Kibaha kuhusu malaria ya watoto. Akina mama walisema wazi kuwa mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati. Degedege walilitazama kuwa ni jambo jingine, lenye mganga wake. Malaria ilikuwa imeeleweka, lakini degedege halikuwa limeunganishwa na malaria.

Ni rahisi kuwalaumu akina mama hao. Tujaribu kwanza kuona walichokiona. Mtoto mwenye malaria kali alipelekwa kwa mganga, zikapita saa au siku. Hali ilipozidi ndipo alipokimbizwa hospitali, vimelea vikiwa vimekwisha kushambulia ubongo na sukari ya damu imeshuka. Akachomwa sindano, na kabla ya alfajiri akafariki. Mama ameshuhudia sindano na kifo, kimoja baada ya kingine. Upande wa pili, mara nyingi degedege la mtoto hutokana na homa kupanda na hutulia lenyewe baada ya dakika chache. Mtoto aliyemwagiwa maji ya majani akapoa mwili, akafumbua macho, na hapo mama amemwona mganga akishinda. Imani ile ilijengwa kwa macho ya watu wanaopenda watoto wao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza kilichokuwa kikitendeka mwilini wakati ule.

Ndiyo maana ujumbe wa kusema tu "acheni ushirikina" haukufika mbali. Uliofika ni ule uliolichukua neno lenyewe la watu na kulipa maana mpya: degedege ni dalili ya malaria kali, na kila saa inayopita ina thamani.

Fansida, na madafu yanayosingiziwa

Kibaha ilitoa somo jingine katika miaka hiyo hiyo. Agosti 2001 Tanzania iliacha klorokwini, iliyokuwa imezidiwa na usugu wa vimelea, ikaanza kutumia SP, ambayo wengi waliiita Fansida. Mara magazeti yakaandika habari za watu waliobabuka ngozi baada ya kumeza dawa za salfa kama hiyo. Hofu ikaenea. Utafiti uliofanywa vijijini Kibaha na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta wazazi wanaiogopa SP na kuiona haifai, kwa kuwa homa haikushuka upesi.

Hapa tena kulikuwa na punje ya ukweli. Madhara makubwa ya ngozi yapo, ila ni nadra sana. Na SP haishushi joto la mwili. Inaua vimelea, na mtoto huhitaji dawa nyingine ya kutuliza homa. Maneno hayo mawili yangesemwa dirishani mgonjwa anapochukua dawa, hofu nyingi isingezaliwa. Dawa mpya ilitangulia, maelezo yakachelewa, na katikati uvumi ukapata kiti. Dawa mseto ilipoingia mwishoni mwa mwaka 2006, somo hilo lilikuwa mezani.

Kisha kuna matende na mabusha. Ukanda wote wa pwani umewahi kuambiwa kuwa busha huletwa na kunywa madafu. Ukweli ni kwamba huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, na mnazi hauna hatia. Mwaka 2000, kisiwani Mafia, ndani ya Mkoa huu wa Pwani, serikali ilianza kugawa dawa za kukinga ugonjwa huo kwa jamii nzima, kisha ugawaji ukaenea. Kumshawishi mtu asiyeumwa ameze vidonge ni kazi ngumu kuliko kumtibu mgonjwa. Jirani zetu wa Morogoro walionyesha mwaka 2008 gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa pupa. Dawa za kichocho na minyoo zilipogawiwa shuleni, uvumi kwamba watoto wanadhurika uliwafanya wazazi kuzivamia shule, na ugawaji ukasimamishwa.

Shaka ilipotoka juu

Historia ya kweli haifichi doa. Wakati wa korona sauti ya serikali yenyewe ilipasuka. Mwezi Mei 2020 takwimu zilikoma kutangazwa, hesabu ikiwa imesimama kwa wagonjwa 509. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani na kuwahimiza wananchi wajifukize na kumwomba Mungu. Baada ya kifo chake mwezi Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya kamera Ikulu, Dar es Salaam, kwa chanjo kutoka katika shehena ya dozi zaidi ya milioni 1 iliyokuwa imewasili siku chache kabla.

Mtoa chanjo wa kijijini ndiye aliyebaki na mzigo. Alipaswa kuwaeleza watu wale wale, katika mwaka ule ule, kwamba kilichotiliwa shaka Januari ni salama Agosti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayeficha takwimu hujinyima imani ya watu siku atakapoihitaji. Imani ya umma katika afya hujengwa polepole na hubomoka kwa hotuba moja.

Serikali ilijaribu pia njia ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa la jinai. Tapeli anayeuza dawa bandia mtandaoni anastahili mkono huo. Lakini mama anayeuliza kwenye kundi la familia kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote kwa wasichana mwaka 2018, itamfanya binti yake asizae, huyo hana kosa. Ana swali, na jibu ni kwamba chanjo hiyo inamkinga na kirusi kinacholeta saratani, haigusi uwezo wa kuzaa.

Kurudi barazani

Dalili njema ni kwamba njia ya mwaka 1973 inarudi kwa sura mpya. Wizara ya Afya imelifufua jina la Mtu ni Afya katika kampeni ya usafi. Ipo namba 199, inayopigwa bila malipo, ambapo mwananchi huuliza na mtaalamu hujibu. Na Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Idadi hiyo inakaribia kuwa mara mbili ya viongozi wa vikundi wa Mtu ni Afya, na kazi yao ni ile ile: kuwa jirani anayejua.

Wasipewe mabango na ratiba za mikutano tu. Wapewe majibu, na muda wa kusikiliza. Sindano iliyoogopwa Kisarawe na Kibaha kwa vizazi ndiyo leo inayookoa. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kuwa sindano ya artesunate ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Dawa hiyo humsaidia zaidi mtoto aliyefika mapema.

Kwa hiyo mhudumu atakapobisha hodi, na mama akamwuliza kwa nini basi mtoto wa jirani alichomwa sindano akafa, asimkemee. Aketi, aseme: "Pole, mama. Sindano haikumuua. Alifika usiku wa pili, na homa ilimshika jioni ya kwanza."