Sheria za Kuhudhuria na Kuondoka katika Vyuo vya Kale

Kila mtu aliyepata kuketi darasani ajua habari ya kuitwa majina. Mwalimu afungua daftari, ataja jina, mtoto aitika. Asiyeitika huwekewa alama, na siku ya pili huulizwa alikuwa wapi. Sababu zi nyingi: alikuwa akiamia ndege shambani, alitumwa kwa shangazi yake, alishikwa na homa, au hana sababu hata moja. Hivyo twadhani ya kuwa tangu shule zilipoanza duniani mwenye daftari ni mwalimu, na mwenye kutoa hesabu ni mwanafunzi. Lakini sivyo ilivyokuwa mahali pote. Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, ambapo chuo chake huhesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote vya Ulaya, mambo yalikuwa kinyume. Huko wanafunzi ndio waliomwandika mwalimu asipofika, na mwalimu ndiye aliyeomba ruhusa kwa wanafunzi.

Tuanze na sababu yake, maana bila sababu habari hii yaonekana kama mzaha. Katika karne ya 12 watu wengi walikuwa wakienda Bologna kujifunza sheria, yaani sheria za Kaisari wa Rumi ya zamani, na sheria za Kanisa. Hawakuwa watoto. Wengi walikuwa watu wazima, na baadhi yao mapadre wenye cheo kwao, waliotoka Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Hispania na nchi nyingine za mbali. Walipofika walikuwa wageni tu. Mwenye nyumba alipandisha kodi apendavyo. Na mtu wa nchi yao akikimbia na deni, mwenye kudai aliweza kumkamata mwenzake yeyote wa nchi ile alipe yeye. Kaisari Frederick, aitwaye Barbarossa, aliona dhuluma hiyo, akatoa sheria iliyothibitishwa mwaka 1158, kwamba wasafirio kwa ajili ya elimu wawe chini ya ulinzi wake, wala mwanafunzi asikamatwe kwa deni la mwingine. Na akishtakiwa, achague kuhukumiwa na mwalimu wake au na askofu wa mji.

Sheria ya Kaisari ilikuwa njema, lakini Kaisari alikuwa mbali, na mwenye nyumba alikuwa karibu. Kwa hiyo wageni wale wakaunda vyama. Katika Kilatini chama chaitwa universitas, na neno hilo hapo kwanza halikuwa na maana ya jengo wala ya elimu kubwa. Lilikuwa neno la chama chochote, hata cha washona viatu. Ndilo lililokuja kuwa jina la vyuo vikuu katika lugha nyingi za Ulaya. Bologna vyama vikawa viwili: kimoja cha watu wa upande wa huku wa milima ya Alpi, kimoja cha watu wa ng'ambo ya milima, na kila kimoja kikawa na mkuu wake, naye ni mwanafunzi. Walimu wengi walikuwa raia wa mji, hawakuwa wageni, basi hawakuhesabiwa katika chama. Walifundisha kwa mshahara uliochangwa na wanafunzi. Walitakiwa kuapa ya kuwa watawatii wakuu wa wanafunzi, wala katika mikutano hawakuwa na kura.

Sheria za vyama hivyo ziliandikwa, na zilizotufikia ni za mwaka 1317 na baada yake. Zasema hivi. Mwalimu asikose darasa hata siku moja bila ruhusa. Akitaka kutoka mjini, aweke amana ya fedha, ili ijulikane kwamba atarudi. Asipopata wasikilizaji watano katika somo lililo la lazima, atozwe faini kana kwamba hakufika kabisa, maana mwalimu asiyeweza kukusanya watu watano, walisema, ni sawa na mwalimu asiyekuwapo. Sisi walimu twakiri ya kuwa tulipoisoma sheria hii tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza.

Tena mwalimu alipaswa kuanza mara kengele ya kanisa la Mtakatifu Petro ilipolia, na kengele ya pili ilipolia alipaswa kukoma, hata kama neno li mdomoni. Na ili asiwashike kwa maneno matamu, wanafunzi nao walitozwa faini wasipoondoka mara moja. Wakuu wa wanafunzi walichagua watu wa kuangalia walimu kwa siri na kuleta habari za makosa yao. Na sheria haikuishia kwenye saa. Kitabu cha sheria cha kusomwa kiligawanywa mafungu, na kila fungu lilikuwa na siku yake. Mwalimu alipaswa kulifikia siku ile. Hakuruhusiwa kuruka sura, wala kuahirisha jambo gumu mpaka mwisho wa saa, kwa kuwa yalijulikana yatakayofuata: saa itakwisha, jambo gumu halitasemwa kamwe. Mtu aliyetunga sheria hiyo aliwajua walimu! Nasi hatuoni kwamba walimu wa siku zile walikuwa wavivu kuliko wengine. Shahada ya sheria za Kaisari ilichukua kama miaka 7 au 8, ya sheria za Kanisa kama 6, na mtu aliyeacha mtaa wake ng'ambo ya milima, akilipa kodi na chakula kila mwezi, hakuweza kustahimili sura zikiachwa.

Mwasomaji atauliza: Kwa nini walimu walikubali utumwa huo? Walikubali kwa kuwa wanafunzi waliweza kuondoka, wala si mmoja mmoja bali wote pamoja. Chuo hakikuwa na majengo yake. Masomo yalifanywa nyumbani mwa mwalimu au katika vyumba vya kukodi. Kisicho na kuta huchukulika. Mwaka 1204 kundi la wanafunzi na walimu liliondoka Bologna likaenda Vicenza, na mwaka 1215 jingine likaenda Arezzo. Mwaka 1222 kundi kubwa lilikwenda Padua, na hapo pakazaliwa chuo kinachosimama hata leo. Kila walipoondoka, mji ulibaki na vyumba vitupu, na wauza mikate na wauza divai wakalia. Wazee wa mji waliogopa sana. Tangu mwaka 1189 walikuwa wakiwaapisha walimu kwamba hawatafundisha mahali pengine, kisha wakaweka adhabu kali juu ya yeyote atakayewavuta wanafunzi kwenda mji mwingine. Na hapo Papa Honorius III akasimama upande wa wanafunzi. Hata mwaka 1321, mji ulipomwua mwanafunzi mmoja kwa hukumu, wenzake wengi walihama wakaenda Siena.

Nguvu hiyo haikuvunjwa kwa adhabu. Ilivunjwa kwa fedha. Tangu mwisho wa karne ya 13 mji ulianza kuwalipa baadhi ya walimu mshahara kutoka hazina yake, na polepole wakawa wengi. Mwalimu aliyelipwa na mji hakuwa na haja tena ya mchango wa wanafunzi, wala hakumwogopa mkuu wao. Sheria zilibaki kitabuni miaka mingi, lakini daftari ilikwisha kuhama mkono. Kwa mawazo yetu hili ndilo la kuangaliwa kuliko yote katika habari za Bologna: hakuna aliyefuta sheria yoyote, ila mlipaji alibadilika.

Huko Paris mambo yalikwenda kwa njia nyingine, maana chama cha Paris kilikuwa cha walimu. Mwaka 1215 mjumbe wa Papa, Robert wa Courçon, aliagiza kwamba mtu asihesabiwe kuwa mwanafunzi wa Paris kama hana mwalimu wake maalumu. Na kwamba mtu asifundishe elimu za mwanzo kabla ya kutimiza umri wa miaka 21 na kusoma miaka 6, wala Theolojia kabla ya miaka 35 ya umri. Mwaka 1229 palitokea ugomvi wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima, askari wakaua wanafunzi kadha wa kadha. Walimu walidai haki wasiipate, wakafunga masomo na kutawanyika. Wengine walialikwa na mfalme wa Uingereza, wakaenda Oxford na Cambridge. (Cambridge yenyewe ilianza na watu walioikimbia Oxford mwaka 1209, baada ya wenzao kunyongwa.) Mwaka 1231 Papa Gregory IX aliwapatanisha kwa barua, akawapa walimu haki ya kusimamisha masomo wakidhulumiwa. Lakini barua ile ile iliweka kwamba likizo ya kiangazi isizidi mwezi mmoja, na kwamba wajifanyao wanafunzi bila kuhudhuria wala kuwa na mwalimu wasipate heshima za wanafunzi.

Sasa twafika kwenye jambo liwahusulo watu wa vijijini, nalo ni ruhusa ya padre. Tumesema kwamba wengi wa wanafunzi walikuwa watu wa Kanisa. Walikula nini miaka hiyo yote? Walikula mapato ya mitaa yao, yaani sehemu ya mavuno iliyotolewa na wakulima ili wawe na mtu wa kuwabatiza watoto, kuwafundisha na kuwazika wafu wao. Padre yuko Bologna, mavuno yamfuata Bologna, na mtoto afa bila padre.

Kanisa lilitatizwa na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1163, katika mkutano wa maaskofu huko Tours, watawa walikatazwa kutoka katika nyumba zao kwenda kusomea uganga au sheria za serikali, na aliyetoka aliamriwa kurudi kabla ya miezi 2 kupita. Mwaka 1219 Honorius III aliwakataza mapadre pia masomo hayo mawili, ambayo yalileta fedha. Bali waliosoma Theolojia aliwaruhusu kupokea mapato yao miaka 5 ingawa hawapo. Hivyo mtu aliyebadili somo lake hakubadili kitabu tu, alipoteza na riziki.

Kisha mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII alitoa sheria iliyodumu. Askofu aliweza kumpa mwenye mtaa ruhusa ya kwenda kusoma mpaka miaka 7, bila kulazimishwa kupewa upadre kwa muda huo. Ila katika mwaka wa kwanza apewe daraja ya ushemasi mdogo, na mtaani awekwe naibu afaaye, alipwe vya kutosha kutokana na mapato yale yale, ili roho za watu zisiachwe. Sheria hiyo ilitumiwa sana huko Uingereza katika karne ya 14, na vitabu vya maaskofu vina ruhusa nyingi za namna hiyo: jina la mtu, mtaa wake, idadi ya miaka. Wengine walirudi na elimu yao wakawahudumia watu wao. Wengine, walipokwisha kujua sheria, walichukuliwa kuwa makarani wa maaskofu na wa mfalme, na mtaani aliendelea naibu, kwa sehemu yake ya mavuno.