Majina ya Vyombo na Msamiati wa Tanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa

1. Utangulizi

Wageni walioandika juu ya pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kuviita vyombo vyote vya tanga kwa jina moja linalofanana na dau. Kwa wenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa jina la jumla ni chombo, na dau ni aina moja tu miongoni mwa nyingi. Makala haya yanakusudia kuonyesha msingi uliotumika katika kuvipa vyombo hivyo majina, na athari ya msingi huo kwa lugha baada ya vyombo kubadilika.

Bandari ya Kale iko upande wa mashariki wa kisiwa. Baada ya ujenzi wa reli ya Uganda kuanza mwaka 1896, shughuli za meli za moshi zilihamia Kilindini, upande wa magharibi, hatua kwa hatua. Bandari ya Kale ikabaki ya wenye matanga. Kila msimu wa kaskazi vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi viliwasili na tende, chumvi na mazulia, vikarejea kwa kusi na shehena kama vile boriti. Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri katika bumu la Kuwait lililofika Mombasa katika msimu wa 1938-39.

2. Umbo la chombo na jina lake

Katika Ulaya, aina za merikebu zilitambuliwa hasa kwa idadi ya milingoti na mpangilio wa matanga. Katika Bahari ya Hindi kipimo ni umbo la chombo chenyewe, hasa omo na tezi. Bumu limechongoka omo na tezi. Baghala lina tezi pana iliyokatwa na kutiwa nakshi. Sambuku lina tezi iliyokatwa pia, lakini omo yake imepinda kama jambia. Bedeni la Omani lina omo iliyosimama wima. Kwa vyombo vya pwani hii, jahazi na mashua vina tezi iliyokatwa, dau limechongoka pande zote mbili, na ngalawa ni gogo lililochongwa na kutiwa matengo mawili.

Sababu ya kipimo hicho ni kwamba tanga lisingeweza kutofautisha. Karibu vyombo vyote hivyo hubeba tanga la namna moja, la pembe tatu au la pembe nne ambalo upande wake wa mbele ni mfupi sana, likining'inia kwenye foromali iliyokaa mshazari juu ya mlingoti ulioinamia omo.

Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa tofauti. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, nao ulibeba tanga la mraba lililosukwa kwa miyaa. Habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii zimo katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza. Mtepe ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

3. Mashine na lugha

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyombo vya Ghuba vilianza kutiwa mashine, na misafara ya matanga ikapungua mwaka hadi mwaka. Jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu ni kwamba bumu lenye mashine liliendelea kuitwa bumu, na mashua yenye mashine ni mashua hadi leo. Jina lilifungamana na umbo, na umbo halikuondoka.

Msamiati wa tanga haukuwa na kinga hiyo. Henza na jarari, kamba za kulitwekea tanga. Hamrawi, kamba ya kuizuia foromali. Joshi, upande wa upepo, na damalini, upande wa pili. Yote haya huishi kinywani mwa anayeyatumia kazini. Mlingoti ukishang'olewa, mwana wa nahodha hana pa kuyasikia.

Machache yamesalimika kwa kuhamia penginepo. Demani ni kamba ya kulizuia tanga, na pia ni jina la majira. Tangambili ni kipindi cha pepo zisizotulia, ambapo chombo huweza kusafiri upande wowote. Methali nayo husema: ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi huitumia pasipo kujua kwamba ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji hukusanyika.

4. Hitimisho

Ukusanyaji wa istilahi za ubahari umeelekea mno kwenye orodha za aina za vyombo. Orodha hizo ni muhimu, lakini majina hayo ndiyo yenye uhai mrefu zaidi. Linalohitaji haraka ni msamiati wa kamba, tanga na foromali, tena ukusanywe kwa wazee waliowahi kubisha kwa tanga, na chomboni ikiwezekana, kwa kuwa kamba iliyofafanuliwa kitabuni bila kazi yake ni nusu ya maana.