Sonona Isiyosikia Dawa

Taa tunamjua kwa mwiba wa mkia wake. Lakini anaye jamaa yake ambaye silaha yake ni umeme, na huyo ndiye anayeifungua habari hii. Katika karne ya 1, tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki huyo, angali hai, pale panapouma, mpaka pafe ganzi.

Karne zikapita. Mnamo 1801, mjini Bologna, Giovanni Aldini aliupeleka umeme wa betri kichwani mwa mkulima aliyezama katika huzuni, kisha akatangaza kwamba amepona.

Aprili 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walimfanyia vivyo hivyo, kwa umeme mkali zaidi, mtu aliyeokotwa akitangatanga na kupayuka. Cerletti mwenyewe alisimulia kwamba jaribio la kwanza liliposhindwa, mtu yule alisema kwa lugha safi kwamba asirudiwe, kwani atakufa. Wakamrudia. Hali yake ikatengemaa, na tiba ikaenea ulimwenguni. Iliwainua wengi, na wengine iliwavunja mifupa, hadi ilipokuwa desturi kumlaza mgonjwa usingizi na kuilegeza misuli yake kwanza. Hata leo ni miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi kwa sonona iliyoshinda dawa, ingawa huweza kuondoka na sehemu ya kumbukumbu.

Mwaka 2005, mjini Toronto, Helen Mayberg na wenzake walitoa habari za wagonjwa sita ambao dawa zote zilikuwa zimewashindwa. Walitiwa nyaya nyembamba ndani kabisa ya ubongo, wakiwa macho, huku wakiulizwa wanahisi nini. Baadhi walisema utupu umewatoka ghafla. Baada ya miezi sita, wanne walikuwa wamepata nafuu kubwa. Tusishangilie mapema, hata hivyo: katika jaribio la watu 90 lililochapishwa mwaka 2017, waliowashiwa waya hawakuwapita waziwazi wale ambao wao haukuwashwa.

Basi tiba ingali safarini. Ila kuna hatua moja iliyokwisha kupigwa. Roma mgonjwa alinena, asisikilizwe. Toronto maneno yake ndiyo yaliyouongoza mkono wa tabibu.