Uoanifu: Programu ya Zamani kwenye Kioo cha Leo

Uoanifu ni hali ya programu na kompyuta kufanya kazi pamoja bila kasoro. Neno limetokana na kitenzi oana, ambacho mbali na ndoa hutumika kwa vitu vinavyoingiliana barabara, kama nati na bolti yake. Wenye simu za Android zilizowekwa Kiswahili wamekwisha kulizoea: duka la programu huwaambia kwamba kifaa chao hakioani na toleo fulani. Istilahi nyingine zina wenyewe tayari. Utangamano husikika zaidi kwenye hotuba za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na upatanisho umeshakaa kwenye vitabu vya sarufi. Uoanifu unafaa zaidi kwa sababu kauli ya kutendana inadai pande mbili. Programu inaweza kuwa nzima na kioo kikawa kizima, lakini vikikutana picha ikaharibika.

Katika mji kama Kondoa, yapata kilomita 160 kaskazini mwa jiji la Dodoma, hali hiyo ni rahisi kutokea. Kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine huwekwa sambamba na laptop mpya, na programu huhama kwa flashi kutoka mashine hadi mashine. Programu za kujifunzia kuchapa kama Mavis Beacon, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987, au za maktaba kama CDS/ISIS, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1985, ziliandikwa kwa ajili ya vioo vya zama nyingine.

Picha ikiharibika, kwanza hutazamwa kama kasoro iko kwenye programu moja tu. Kila kitu kikionekana kikubwa kupita kiasi au kimevutwa, kwa kawaida draiva ya kadi ya picha haijawekwa, na hilo si suala la uoanifu. Kupiga Windows upya, dawa inayopendwa na mafundi wengi, mara nyingine ndiko kunakoipoteza draiva yenyewe.

Programu moja ikiharibika peke yake, mshukiwa wa kwanza ni idadi ya nukta. Mwaka 1987 IBM ilileta kiwango cha VGA, chenye nukta 640 kwa 480 na rangi 16, au 320 kwa 200 na rangi 256. Tafsiri za mashine huiita idadi hiyo “azimio”, kana kwamba ilipitishwa Arusha. Monita za chogo ziliweza kubadili idadi ya nukta bila taabu. Kioo bapa kina nukta za kudumu, kwa mfano 1366 kwa 768. Picha ya mistari 480 ikitandazwa kwenye mistari 768, kila nukta hulazimika kujaza nukta moja na sehemu sita za kumi, na kwa kuwa nukta haigawanyiki, herufi hupata ukungu. Tena picha ya umbo la 4 kwa 3 ikivutwa kujaza kioo cha 16 kwa 9, duara huwa yai. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha na kuagiza umbo lihifadhiwe. Pembeni hubaki mistari miwili myeusi, nayo haina madhara.

Rangi zikigeuka za ajabu, tatizo ni lingine. Programu nyingi za enzi za Windows 95 zilichagua rangi 256 na kuzibadilisha zenyewe kila zilipotaka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kioo chote huendeshwa kwa rangi za biti 32. Hapo hubofywa ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia, zikafunguliwa sifa zake, na kwenye kichupo cha uoanifu ikachaguliwa rangi pungufu ya biti 8. Kichupo hichohicho kina chaguo la kuendesha programu kwa nukta 640 kwa 480. Kina pia mipangilio ya vioo vyenye nukta zilizobanana, ambako Windows hukuza maandishi hadi asilimia 125 au 150 huku programu ya zamani ikiwa haina habari, vitufe vikakatika nusu. Ni busara kubadili chaguo moja, kujaribu, kisha jingine. Anayeweka tiki kote hatajua kilichoponya.

Kuna kutooana ambako kichupo hicho hakikuwezi. Programu ya biti 16 haifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina toleo la biti 32. Kwa programu za DOS lipo DOSBox, lililoanza kutolewa mwaka 2002, ambalo huigiza kompyuta ya kale ndani ya kompyuta mpya pamoja na kadi yake ya VGA. Ni la bure, hutosha kwenye flashi ndogo, na likishawekwa halihitaji intaneti.