Widal Aliyegeuka Tarakimu Tano

Mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati katika nchi zetu, akingoja majibu ya damu yake, yumkini amekwisha kulisikia jina la Widal, ingawa aghalabu hajui kuwa hilo ni jina la mwanadamu. Kwani husemwa "nimepimwa Widal" kama isemwavyo "nimepimwa uzito", na fundi wa maabara huchukua kigae cheupe, akadondosha maji ya damu, akayatilia tone la buluu upande huu na tone jekundu upande ule, kisha akakiyumbisha kigae taratibu mkononi, huku akitazama kama tone litabaki laini au litafanya chenga mfano wa maziwa yaliyokatika. Chenga zikitokea, husemwa kwamba mwili umekwisha kukutana na vijidudu vya homa ya matumbo, ukajifanyia kingamwili za kupigana navyo.

Fernand Widal alikuwa tabibu wa Paris, na kipimo hicho alikidhihirisha mwaka 1896, mwaka ule ule ambao Max von Gruber na Herbert Durham, waliokuwa Vienna, waliieleza tabia hiyo ya vijidudu kushikamana mafungu mafungu vikikutana na maji ya damu ya aliyeugua. Na kwa hiyo wako wanaokiita kipimo cha Gruber na Widal, kwa insafu. Mwaka uliofuata Almroth Wright akaitumia njia hiyo kwa homa ya Malta, na mwaka 1906 August von Wassermann na wenziwe wa Berlin wakaleta kipimo cha kaswende kilichochukua jina lake. Ndiyo iliyokuwa ada ya zama hizo: elimu ikizaliwa, hupewa jina la baba yake.

Huko Marekani, walakini, hati ya madai ipelekwayo kwa wenye bima haimjui Widal. Inaijua 86768, yaani kingamwili ya Salmonella, na karani wa malipo aliyeandika nambari hiyo mara elfu huenda asijue kabisa kwamba Paris inahusika. Jinsi tabibu huyo alivyogeuka tarakimu tano ni hadithi ya daftari zaidi kuliko ya maabara.

Asili yake ni swali la zamani la mlipaji na mlipwaji: kazi hii ni ipi, na ujira wake ni kiasi gani? Madaktari wa California walikwisha kulijibu kwa namna yao mwaka 1956, walipochapisha orodha iliyopima thamani ya kila kazi kwa kuilinganisha na nyingine. Kisha, tarehe 30 Julai 1965, katika mji wa Independence, Missouri, mbele ya mzee Truman, Rais Johnson alitia sahihi sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ambayo chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimeipinga kwa nguvu na kwa mali. Mwaka mmoja baadaye, 1966, chama hicho hicho kikatoa kitabu kijulikanacho kwa herufi tatu, CPT, chenye nambari za tarakimu nne, kikielemea zaidi kazi za upasuaji, na vipimo vya maabara vikiwa na sehemu ndogo tu. Chapa ya pili ya mwaka 1970 ikapanua kazi zenyewe na kuzipa tarakimu tano. Na mwaka 1983 serikali ikakubali kuwa madai ya madaktari chini ya Medicare yaandikwe kwa lugha ya kitabu hicho. Hivyo chama kilichoikataa bima kikawa mwenye lugha ya kuidai, tena lugha yenye haki miliki, ambayo atakaye kuitumia katika programu zake sharti alipie. Sijui kama biashara imewahi kupata kisasi kitamu kuliko hicho. Mwaka 1984 Baraza la Congress likaweka orodha ya malipo ya vipimo vya maabara, na tangu hapo nambari na bei zikawa kama pete na kidole.

Ukiufungua mlango wa kingamwili katika kitabu hicho, unakuta vijidudu vimepangwa kwa abjadi, kuanzia Actinomyces, 86602, hadi Yersinia, 86793, bila kujali ni bakteria, kuvu au virusi. Na baina ya nambari yameachwa mapengo, kama mafundi wa Lamu waachavyo meno ya ukuta kwa nyumba itakayojengwa kesho. Ilipokuja korona, mwezi wa Aprili 2020, jina lake refu la kitaalamu likaangukia baada ya Salmonella, ikapewa 86769, na virusi vipya vikawa jirani wa homa ya matumbo kwa sababu ya herufi peke yake. Lakini inipendezayo zaidi ni 86609, "bakteria asiyetajwa penginepo", aliyeketi kati ya Aspergillus na Bartonella kana kwamba Bakteria ni jina la ukoo wake: mgeni asiye na kwao, aliyepewa kitanda ili asikose kulipiwa.

Daftari hilo lina fikihi yake. Kingamwili za tabaka la IgM zikipimwa kando na za IgG, kila moja huhesabiwa kuwa kazi mbali. Na katika homa ya Lyme, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa na Willy Burgdorfer na kutangazwa mwaka 1982, mgonjwa hupimwa kwanza kwa 86618, na kisha, majibu yakitia shaka au yakionyesha maradhi, huthibitishwa kwa 86617. Nambari kubwa ikaitangulia ndogo, maana nambari hazikuwekwa kufuata mwendo wa tabibu.

Inayofuata ni 86619, Borrelia ya homa inayorudia. Hiyo ndiyo homa ya papasi tunayoijua sisi, iletwayo na kupe ajifichaye katika nyufa za kuta za udongo, akatoka usiku kunyonya damu ya msafiri aliyelala sakafuni. Joseph Everett Dutton, tabibu kutoka Liverpool, aliichunguza katika Kongo pamoja na mwenziwe John Todd, wakaonyesha kuwa papasi ndiye mchukuzi. Naye Dutton akapatwa na homa hiyo hiyo, akafa Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, mwezi wa Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu kikaitwa duttonii kwa ajili yake. Katika daftari kijidudu hicho kimechanganywa na jamaa zake wote wa homa zinazorudia, kwa bei moja.