Usultani si Tarafa

Wako watafsiri, na nyuma yao kamati zenye mihuri, wanaotaka secteur na chefferie, vitengo vya utawala nchini Kongo, vyote viwili viitwe tarafa. Msomaji wa Banalia au Opala atajuaje hapo anatawaliwa na nani? Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008 imevitenga waziwazi: chefferie kwa kawaida ni jamii za asili moja, mkuu wake huteuliwa na mila, kisha Serikali humtambua na kumsimika; secteur ni mkusanyiko wa jamii mbalimbali zinazojitegemea, na mkuu wake ni wa kuchaguliwa. Tofauti hii Wabelgiji waliiandika tangu agizo la tarehe 5 Desemba 1933. Tarafa ya Tanzania, kwa upande wake, ina afisa aliyeajiriwa na Serikali, asiyepigiwa kura wala kurithi kiti. Neno hilo limekosea mara mbili.

Chefferie ni usultani. Mzizi wa Kiarabu wa neno hili unabeba maana ya nguvu na mamlaka, wala hautaji Oman wala jumba la kifalme. Wanaodai neno ni la pwani mno wanasahau kwamba Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii, mwaka 1887, na kwamba wakuu wa Wazande kule Uele waliitwa masultani hata katika vitabu vya Wabelgiji. Neno limekaa bara zaidi ya karne. Aliyelifukuza ni nani? Wengine wanapendekeza ushefu. Lakini shefu kwetu ni mkuu wa kartie, wa ofisi, wa kazi yoyote. Jina la kila mkuu halimtofautishi yeyote. Na atakayesema uchaguzi wa wakuu wa secteur umebaki kwenye karatasi, nakubali umechelewa, ila istilahi hufuata msingi wa mamlaka uliowekwa na sheria. Siku ya kura ikifika, mwananchi lazima ajue kiti kipi kinagombewa na kipi hakigombewi.

Secteur ibaki sekta, kama watu wasemavyo. Sekta ya afya haitachanganywa na sekta ya Lubuya-Bera. Mkuu wa usultani aitwe sultani, wa sekta aitwe mkuu wa sekta. Tarafa tuwaachie Watanzania, ambao kwao ina kazi yake halali.